Walioondoka Nao Wahesabiwe

Orodha niliyokabidhiwa Bukoba mwaka 2004 ilikuwa na majina ya watu waliohojiwa nilipokuwa bado natembea peku kwenda shule. Kila ukurasa ulikuwa kaya moja: mkuu wa kaya, mwenzi wake, watoto, bibi, mpwa aliyeletwa kusomea hapo, na umri wa kila mmoja kama ulivyoandikwa kati ya mwaka 1991 na 1994. Pembeni paliachwa safu tupu ya kujaza yuko wapi sasa. Tulikuwa wadodosi vijana, wengi wetu wenyeji wa mkoa, na furaha yetu kubwa ilikuwa kupata kazi yenye posho. Safu ile tupu ndiyo iliyokuja kugeuza majibu ya awali, ila siku hiyo sisi tuliiona kama mstari mwingine tu wa kujaza.

Nieleze kwanza orodha ilitoka wapi. Wagonjwa wa kwanza wa ukimwi nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Wazee wetu waliuita ugonjwa ule Juliana, jina la kitambaa kilichokuwa kikiletwa na wafanyabiashara waliovuka mpaka wa Uganda, kwa kuwa walioanza kukonda na kufa walikuwa wao na waliowapenda. Mwaka 1987 wataalamu walipopima damu za watu wazima, mjini Bukoba karibu mmoja kati ya wanne alikuwa na virusi. Kusini, wilaya za Ngara na Biharamulo, hakufika hata mmoja kati ya mia. Ndani ya mkoa mmoja, basi, palikuwa na vijiji vilivyokuwa vikizika kila wiki na vijiji ambako habari hizo zilisikika redioni.

Tofauti hiyo, pamoja na ubaya wake wote, ni kitu ambacho mtafiti wa uchumi hukitafuta kwa tochi. Benki ya Dunia na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakaja na swali lililoonekana rahisi: mtu mzima anayetegemewa akifa, waliobaki huwaje? Je, shamba hugeuka pori? Watoto huacha shule? Walitumia sensa ya mwaka 1988 kujua ni wapi vifo vilikuwa vingi, kisha wakapita nyumba hadi nyumba wakiuliza nani anaumwa kiasi cha kushindwa kazi na nani amefiwa karibuni. Nyumba za namna hiyo wakazichagua kwa wingi kuliko uwiano wake, kwa sababu ukiokota kaya kwa bahati nasibu tu utajikuta na vifo vichache mno vya kukufundisha lolote. Walipata kaya zaidi ya 900 na kuzitembelea hadi mara nne.

Majibu ya kwanza yaliwashangaza wengi. Wakati ule hotuba zote zilikuwa za maangamizi: kilimo kitakufa, shule zitabaki tupu. Takwimu hazikusema hivyo. Katika nyumba zilizofiwa, saa za kazi za waliobaki hazikubadilika sana. Baadhi ya shughuli za shamba zilipunguzwa kwa muda, hasa alipokufa mwanamume, kisha zikarejea. Watoto waliofiwa na mzazi hawakuonekana kuacha shule ya msingi kuliko wenzao. Kilichoonekana kilikuwa kidogo na cha pembeni: watoto wadogo waliopoteza mama walichelewa kuandikishwa darasa la kwanza, na wasichana walipunguza sana saa za kuwa shuleni katika miezi ya mwisho kabla ya mtu mzima nyumbani kufariki.

Ukiisoma sentensi hiyo ya mwisho ukiwa umekulia Kagera, hutahitaji jedwali. Kabla ya kifo kuna ugonjwa, na mgonjwa yule alikuwa wa kuharisha, wa kugeuzwa kitandani, wa kupikiwa uji usiku. Nani angefanya? Nyumbani kwetu Muleba walikuja watoto wawili wa shangazi baada ya mazishi yake. Yule wa kike alikuwa ameshamuuguza mama yake kwa muda mrefu na daftari zake zilikuwa safi, hazijaandikwa kitu. Kama mdodosi angepita kwetu mwezi uliofuata angekuta nyumba yenye watoto wawili zaidi, wote wana sare, wote wanasema wanasoma. Angeandika kweli tupu. Mawazo ya kwamba jamii zetu zimehimili msiba yalijengwa juu ya kweli za aina hiyo, na mimi siyakatai. Matanga yalipunguzwa siku ili watu warudi shambani, vyama vya kuzikana viliongezeka, na nyumba zilizokuwa na chochote zilipokea watoto. Tulihimili kweli. Lakini nani alilipa, na alilipa lini?

Hapo ndipo palipo na udhaifu wa kufuata kaya badala ya watu. Kaya iliyosambaratika haina mlango wa kubishwa. Baba amekufa, mama amerudi kwao, watoto wamegawanywa kwa wajomba, kibanja chao cha migomba kimechukuliwa na ukoo: mdodosi anafika, anakuta wengine, anaandika kwamba kaya haipo, anaendelea na inayofuata. Nyumba iliyoumizwa kuliko zote inatoweka kwenye hesabu, na wastani wa zilizobaki unapanda.

Ndiyo maana mwaka 2004 agizo lilikuwa tumtafute kila mtu, popote alipo. Kila aliyewahi kuandikwa miaka ile, awe alikuwa mchanga wa miezi mitatu au mzee wa kaya, alikuwa wetu. Kijijini tulianza na aliyebaki. Namkumbuka bibi mmoja aliyeketi kwenye mkeka akichambua maharage, mimi nikimsomea majina.

"Huyu wa tatu, Bibi, yuko wapi?"

"Huyo tulimzika mwaka wa Elnino."

"Na anayemfuata?"

"Naye."

"Huyu wa mwisho, wa kike?"

"Yuko Mwanza kwenye samaki. Ukimwona, mwanangu, mwambie paa linavuja."

Simu za mkononi zilikuwa bado chache vijijini. Tulitumia kila njia: mwenyekiti wa kitongoji, mwalimu mkuu wa zamani, katekista, mwenye duka ambaye watu hupitishia fedha kwake. Chanzo nilichokuja kukiamini kuliko vyote kilikuwa chama cha kuzikana. Mwenye ofisi ya serikali anaweza asijue kijana fulani yuko wapi, lakini mweka hazina wa chama anajua, kwa sababu siku baba wa kijana akifa lazima ujumbe umfikie na mchango udaiwe. Daftari lake halina safu ya anwani, lipo kichwani mwake, na huwa sahihi. Tulitoka vijijini tukaenda Mwanza, wengine wakafika Dar es Salaam, wengine Kampala. Katika zaidi ya asilimia 90 ya kaya za mwanzo alipatikana angalau mtu mmoja wa kuhojiwa, na zile kaya 900 na ushei zilikuwa zimegawanyika kuwa zaidi ya 2,700. Karibu nusu ya watu tuliowapata hawakuwa tena katika kijiji walichohojiwa mara ya kwanza.

Nisimame kidogo kwenye kazi yenyewe, maana wasomaji wa ripoti hudhani takwimu huota. Sehemu ngumu ya dodoso haikuwa vifo. Watu walivizungumza kwa utulivu ulionizidi. Sehemu ngumu ilikuwa ndizi. Ili kujua mtu anaishi vipi, wachumi hawaulizi mshahara, kwa sababu wengi hawana. Huuliza alichokula na kutumia, pamoja na kile kilichotoka shambani kwake bila kununuliwa. Sasa mwambie mama wa Kihaya akupe thamani ya mikungu aliyokula. Mkungu upi? Wa kibanja cha nyuma ya nyumba, penye samadi, au wa pembeni uliopigwa na upepo? Angekwambia ni kiasi gani angeuuza kama angeuuza, kisha akacheka, kwa sababu asingeuuza. Tulihojiana mpaka kila mkungu ukapata bei yake, na bei za masokoni zilichukuliwa pia, ili shilingi ya Dar es Salaam isije ikalinganishwa kijinga na shilingi ya Karagwe. Nawaonea wivu wanaopakua takwimu hizo leo wakiwa wameketi.

Mwanza nilimpata yule wa samaki. Alikuwa akifanya kazi katika kiwanda cha minofu ya sangara, zamu ya usiku, na alikuwa amelala nilipobisha. Aliniuliza mambo ya nyumbani kabla hajaniruhusu kuuliza yangu. Kati ya yangu kulikuwa na kupima urefu, kwa hiyo nilimsimamisha kwenye ubao, visigino vimegusa, kidevu sawa.

"Dada, mnataka kunishonea nguo?"

Nilimjibu kwamba ni utaratibu, jibu la mdodosi asiyejua anachopimia. Sikuwa najua. Mtu mzima harefuki tena. Urefu wake ni jumla ya chakula alichokula na magonjwa aliyougua utotoni, na hesabu hiyo hufungwa karibu na miaka ishirini. Maelezo anayotoa mhojiwa yanaweza kupotoshwa na aibu au na kusahau. Mifupa haina aibu.

Walioketi na takwimu hizo, Kathleen Beegle, Joachim De Weerdt na Stefan Dercon, waliwachukua watoto 718 ambao mwanzoni mwa miaka ya 1990 walikuwa bado na wazazi wote wawili, kisha wakawatazama wakiwa wakubwa. Asilimia 19 walikuwa wamepoteza mzazi mmoja au wote kabla ya kufika miaka 15. Waliopoteza mama walikuwa pungufu kwa karibu sentimita 2 za urefu na karibu mwaka mzima wa shule, ukiwalinganisha na wenzao waliofanana nao mwanzoni. Upungufu huo ni wa kudumu: kibanja hurudishiwa nguvu msimu ujao, lakini mwaka wa darasani na sentimita za mifupa havirudi mtu akishakuwa mkubwa.

Swali lilikuwa lilelile, mkoa uleule, hata watu walewale. Kilichobadilika ni kwamba safari hii watafiti walisubiri miaka kumi na kuwafuata watu walikokwenda. Matokeo ya mwanzo hayakuwa uongo. Mtoto aliyechelewa kuandikishwa darasa la kwanza alionekana mwaka 1993 kama mtoto aliyechelewa kidogo; mwaka 2004 alikuwa mtu mzima aliyeishia darasa la sita au la saba wakati mwenzake aliendelea. Kwamba ni mama na si baba aliyeacha alama kubwa hivyo halikunishangaza. Baba akifa, mara nyingi mama hubaki na watoto na mji unaendelea kuwa mji. Mama akifa, baba anaoa, au watoto wanasambazwa, na mtoto wa kambo hata akipendwa hupakuliwa baada ya wengine. Hayo ni mawazo yangu, jedwali halisemi.

Jambo la pili lililotoka kwenye safu ile tupu lilihusu kazi na riziki, na liliwapendeza wachumi zaidi. Kati ya watu waliolelewa nyumba moja, ukuaji wa matumizi ya waliohama ulizidi ule wa waliobaki kwa pointi 36 za asilimia. Kulinganisha ndani ya nyumba moja kuna akili yake: huwezi kusema aliyehama alitoka kwa matajiri, kwani wote walikula chungu kimoja. Hakuondoi shaka yote, kwa sababu ndugu wawili hawafanani kwa ujasiri wala kwa maelewano yao na baba, na watafiti walewale walilihangaikia hilo kwa njia kadhaa wakaona tofauti bado imesimama. Kama tungewahoji waliobaki tu, tungeandika kwamba Kagera ilisogea polepole sana katika miaka ile. Sehemu kubwa ya maendeleo ya watu wa Kagera ilitokea nje ya vijiji vya Kagera, kwenye viwanda vya minofu, kwenye genge la Buguruni, kwenye duka la dawa la Geita.

Hapo mtu wa mjini huuliza: kama kuondoka kunalipa hivyo, kwa nini wasiondoke wote? Wahaya wanaocheka swali hilo ni wengi. Kuna kibanja chenye makaburi ya ukoo, na mwenye makaburi hahami hivihivi. Kuna mgonjwa ndani. Kuna mtoto wa kike anayehesabiwa kuwa ni wa kuolewa tu, na kumbe kuolewa ndiko kulikowatoa wengi. Na kuna kitu kimoja ambacho De Weerdt na Kalle Hirvonen walikionyesha baadaye kwa takwimu hizohizo baada ya mzunguko wa mwaka 2010: aliyebaki akipatwa na janga, matumizi ya aliyehama hushuka, maana anatuma fedha; lakini aliyehama akipatwa na janga, aliyebaki nyumbani hashuki naye. Bima ya upande mmoja. Nilipoisoma niliona lile paa la bibi. Nilikuwa nimefikisha ujumbe, naye yule dada wa minofu akaniuliza bei ya bati Bukoba ilikuwa kiasi gani, akaanza kuhesabu zamu zake palepale.

Ng'ambo ya ziwa, Busia upande wa Kenya, kuna kisa kinachofanana. Michael Kremer na Edward Miguel walifuatilia mradi wa dawa za minyoo ulioanza mwaka 1998 katika shule 75, nyingine zikianza kupata dawa mapema na nyingine baadaye kwa mpangilio usio wa upendeleo. Mwanzoni walichoona ni utoro kupungua kwa karibu robo, huku alama za mitihani zikiwa palepale. Hata watoto wasiomeza dawa walipata nafuu kwa kuwa mayai ya minyoo yalipungua vichakani. Walioona mitihani tu walisema mradi haufundishi mtu. Mwaka 2021 wao na wenzao wakachapisha habari za wanafunzi walewale baada ya miaka 20: waliopata miaka miwili hadi mitatu zaidi ya dawa walikuwa na kipato cha saa kilichozidi kwa asilimia 13. Kumekuwa na ubishi mkali kuhusu utafiti wa mwanzo, kwenye majarida na nje yake, na ubishi huo ni wa haki. Lakini hakuna ambaye angekuwa na cha kubishia kama vijana wale wasingetafutwa hadi Nairobi na Uganda.

Gharama ya kutafuta ndiyo hoja inayotolewa kila mara. Mfadhili ana mkataba wa miaka mitatu, waziri ana miaka mitano, mwanafunzi wa uzamivu anataka kumaliza. Mtu mmoja aliyehamia Tunduma anaweza kukugharimu kuliko kitongoji kizima ambacho watu wametulia. Nimekaa kwenye vikao ambapo hesabu hiyo ilifanywa na jina la mtu likakatwa kwa kalamu ya wino. Lakini walioachwa kwa ughali wao si watu wa kawaida tu waliosahaulika: ni hasa wale ambao ugonjwa, ndoa au kazi vimewasukuma mbali, yaani haohao ambao swali linawahusu. Na Kagera yenyewe haikusubiri hesabu hizo: dawa za kupunguza makali ya virusi zilianza kutolewa kitaifa mwishoni mwa mwaka 2004, na kizazi kilichokuwa kinazikwa kikabaki hai. Mnyauko wa migomba uliingia mkoani miaka hiyohiyo na kuwasukuma wengine nje. Tuliporudi mwaka 2010 watu walikuwa na namba za simu, kazi ikawa nyepesi kiasi, na umbali ukawa mkubwa zaidi.

Mwaka 2020 shule zilifungwa kwa ugonjwa mwingine, korona. Tanzania zilifungwa kwa miezi michache, Kenya kwa wanafunzi wengi karibu mwaka, Uganda hadi Januari 2022 kwa madarasa mengi. Baada ya muda mfupi zikaanza kuchapishwa tafiti za simu, nyingine zikisema wasichana wameangamia, nyingine zikisema wengi wamerudi darasani na mambo yametulia. Kijana mmoja anayeandaa uchunguzi wa namna hiyo upande wa Rakai alinipigia akitaka ushauri kuhusu maswali. Maswali yake yalikuwa mazuri, sikuyagusa. Nilimuuliza angempataje binti wa miaka 14 atakapokuwa na miaka 30. Akasema ana namba ya simu ya mzazi. Nikamwambia achukue tatu: ya mzazi, ya mama mdogo au shangazi anayeishi mjini, na ya mweka hazina wa chama cha kuzikana, na azipige kila mwaka hata kama hana la kuuliza.